Mto wa Sufi

Habari aliipata kwenye bomba la kufulia nyuma ya hospitali, na tangu hapo ikamganda kama kupe: wodi ya wanawake kuna bibi kaota uyoga jichoni, madaktari wameung'oa pamoja na jicho lenyewe, na anayelala jirani naye ndiye anayefuata.

Mama Tahadhari, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hata chai iliyopoa aliipuliza, aliacha nguo kwenye beseni akapanda ngazi mbiombio. Kitinda mimba wake alilazwa humo kwa saratani ya damu. Dawa zilimnyoa nywele zote, zikamaliza na chembe nyeupe, zile askari wa mwili. Alibaki kama nyumba isiyo na mlango: kila mpita njia karibu. Na kitanda cha pili, kwa bahati ya mtende, alilala bibi mwenye bandeji jichoni.

"Mwanangu, usivute pumzi upande ule!"

"Sasa nivute upande gani, mama? Matundu yote mawili yanaangalia mbele."

Mama hakucheka. Alivuta pazia katikati ya vitanda akalibana kwa vibanio vya nguo.

"Bana vizuri," sauti ya bibi ikatoka ng'ambo. "Binti yako anakoroma kama trekta, labda nami nitapata usingizi."

Bomba lile lile likamletea habari nyingine: eti mito ya hospitali hurithiwa kutoka kwa marehemu. Hiyo nayo ikamnyima usingizi. Kesho yake alikuja na mto wa nyumbani, wa sufi, alioushona kwa mkono wake mtoto alipozaliwa. Ulikaa miaka kwenye stoo inayovuja, lakini aliuanika kidogo, akauvika foronya mpya yenye maua.

"Unanuka, mama."

"Hiyo ni harufu ya kwenu. Lala."

Siku hazikupita nyingi, homa ikapanda. Wakabadilisha dawa ya dripu. Homa ikakaa pale pale kama mgeni asiyejua kuaga. Kifua kikaanza kumchoma binti, kikohozi kikaja. Lakini kilichomkata mama maini ni kwamba binti aliacha kumtania.

Wakampiga picha ya kifua. Daktari akarudi, akasimama miguuni pa kitanda.

"Kuna doa kwenye pafu. Tunashuku ni kuvu. Tunaanza dawa yake leo hii."

"Nilisema mimi!" Mama aligeukia pazia, kidole juu. "Huyu bibi kamwambukiza mwanangu!"

"Hapana, mama. Kuvu hii haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Iko vumbini, kwenye udongo, kwenye vitu vyenye unyevu. Mimi na wewe tunaivuta kila siku na askari wetu wanaifukuza. Binti hana askari kwa sasa. Bibi naye sukari ilimpanda kupita kiasi, kuvu ikapata upenyo."

Kibanio kimoja kikafyatuka. Kichwa cha bibi kikachungulia.

"Samahani, daktari. Mimi nina jicho moja, nyie wote mna mawili mawili. Ule mto mbona una madoa meusi pale foronya ilipofunuka?"

Wote wakatazama. Sista akaufunika kwa mfuko wa plastiki taratibu, akafunga mdomo wa mfuko, akautoa nje kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika panya mfu.

Mama aliusindikiza mfuko kwa macho mpaka mlangoni. "Ni huo?" akauliza.

"Siwezi kuapa," daktari alisema. "Kuvu ina milango mingi. Lakini huo mmoja tumeufunga."

Dawa ikaanza kutiririka. Kwa ukali wake binti alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Sista akambandikia mama barakoa na kumwambia asogee kando. Nafasi ya kusogea ilikuwa moja tu, ng'ambo ya pazia. Mama akatoa vibanio vyote, akakaa ukingoni mwa kitanda cha bibi, nusu tako hewani.

"Kaa vizuri," bibi akamwambia. "Siumi. Na uyoga wangu walishauchukua."

Wakakaa hivyo, macho matatu kwa mtoto mmoja, leo na kesho na keshokutwa. Asubuhi moja binti akafumbua macho, paji la uso limelowa jasho, akamkuta mama amejikunja kwenye kiti.

"Mama," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Vuta pumzi. Upande wowote."

Mama akalia kwa kicheko.

Dawa ya kuvu binti anaendelea nayo mpaka leo, maana doa halijaisha lote. Mama bado anafulia kwenye bomba lile. Akiona mgeni wa wodi ile anakaribia na beseni lake, humwahi kabla ya wale wenye habari za uyoga, akamtajia ya kuepuka:

Mto, godoro au blanketi la stoo.
Maua, na mimea ya kwenye chungu chenye udongo.
Kufagia kwa ufagio mkavu karibu na kitanda.
Kumpitisha mgonjwa panapobomolewa ukuta.
Mkate au tunda lenye ukungu, hata ukikata pale palipooza.
Kuiacha sukari ipande.
Kumkimbia mgonjwa wa kuvu. Haambukizi.
Kungoja homa ishuke yenyewe. Mwite sista kwanza, ndipo uje bombani.