Jinsi Nyumba ya Edinah Ilivyopata Nafasi

Jumapili ya kwanza ya Agosti, saa tatu asubuhi, Duke aliegesha gari la kukodi uani kwa mamake huko Gesima, akavua viatu mlangoni na kuanza kutoa flaski nje. Zilikuwa nne. Moja ya chai, moja ya uji, moja ya maji moto, na ya nne ya wageni, ambayo kwa sababu hiyo haikuwahi kutumika. Mamake, Edinah Gesare, alikuwa ameketi kwenye kochi lenye vitambaa alivyovishona mwenyewe, akimtazama. Alikuwa na majani chai ya kuchuma, lakini mtoto wake wa pekee hakuwa amefika nyumbani tangu mazishi ya babake, miaka mitatu iliyopita, kwa hiyo chai ingesubiri.

"Mama, mimi siku hizi ni minimalisti," Duke alisema.

Edinah alilifikiria neno hilo. Gesima ina Waadventista na Wakatoliki, na siku hizi ina makanisa ya mabati yenye majina marefu kuliko ukuta wa mbele. Mtu akikwambia yeye ni fulani-isti, ujue amehama kanisa.

"Mnasali Jumamosi ama Jumapili?"

"Hii ni ya kila siku, Mama. Ni maisha."

"Na wanakataza nini?"

"Vitu. Vitu mingi yenye hutumii."

Edinah aliitikia kwa kichwa. Kanisa lake lilikataza nguruwe, pombe na kufua nguo Jumamosi, na maisha yalikuwa yameendelea. La mtoto wake lilikataza flaski. Iliuma kwamba alihama bila kumwambia, lakini afadhali mtoto wa dini nyingine kuliko mtoto asiyekuja nyumbani.

"Basi toa," alisema.

Flaski ya nne ilipovuka kizingiti, dirisha lilirudi nyuma hatua moja. Edinah aliona. Duke pia aliona, akapiga picha.

Huko Nairobi alikuwa mtu wa kujulikana. Watu elfu thelathini walimfuata kwenye simu ili waone chumba chake cheupe chenye godoro moja, ua moja na kikombe kimoja. Vitu vyake vingine vilikuwa kwenye stoo aliyoikodi, na stoo hiyo haikuwahi kupigwa picha.

Kufikia saa sita zilikuwa zimetoka kalenda ishirini na mbili za kiwanda cha chai, na ukuta ukaenda zake. Zikatoka sahani arobaini ambazo kijiji kizima kiliazima kukiwa na matanga. Mzee Ombati wa kanisa alikuja kuzichukua, na kwa kuwa alikuwa hapo tayari, akauliza kama hao Waminimalisti hubatiza kwa maji mengi.

"Kidogo," Duke alimjibu, akiwa na haraka.

Mzee Ombati akaona kosa lao liko hapo hapo, akabeba sahani zake.

Kochi likatoka. Kiti cha marehemu Mose, babake Duke, kikatoka. Edinah aliushika mkono wa kiti hicho kwa muda mfupi, kisha akauachilia. Wanaume wanne walipotoa kabati kubwa la sebuleni, ukuta liliouegemea ulirudi nyuma kiasi cha uwanja wa mpira. Kwa nje nyumba ilibaki vilevile, mabati kumi na manane na mlango wa bluu. Kwa ndani, chumba cha kulala kilionekana kwa mbali, kama mlima ulio wilaya ya jirani.

Vilibaki kitanda na mto, mablanketi mawili, kikombe kimoja na viatu. Duke alimpungia mamake mkono akiwa mlangoni. Mamake alimpungia akiwa kitandani, lakini Duke hakuwa na uhakika kama yule ni yeye.

Jumatatu Edinah aliamka saa kumi na mbili kwenda kuchuma chai, akafika mlangoni saa nne. Jioni alirudi kwa bodaboda ya Fred, aliyemtoza kama safari ya kwenda Ekerenyo. Baada ya wiki moja Fred na wenzake walifungua steji pale kabati lilipokuwa. Kanisani wazee walibishana kama kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni siku ya Sabato ni safari au ni kukaa nyumbani. Walipokosa kuelewana walimwambia Edinah asali hukohuko. Nauli ilipomshinda aliacha kutoka, na chakula Fred alimpelekea: ndizi, mboga, wakati mwingine maziwa. Vitu vya kuliwa havikudhuru nafasi, kwa kuwa viliisha.

Sasa, Gesima ni mahali ambapo ndugu wamegawana shamba mpaka mtu akilala kwenye sehemu yake, miguu inakuwa kwa ndugu yake. Kwa hiyo habari kwamba ndani ya nyumba ya Edinah kuna ardhi haikukaa. Duke alirudi baada ya wiki mbili, akiwa na mpima ardhi.

"Ekari arobaini," mpima alisema alipotoka jioni, vumbi usoni. "Na bado sijafika chumbani."

Duke alikaa kwenye ngazi ya mlango. Mwezi mzima alikuwa amewaambia watu wake kwamba binadamu hahitaji zaidi ya kile kinachoingia kwenye begi moja. Alipowaza kidogo alitambua kwamba ardhi si kitu. Ardhi ni nafasi, na nafasi ndiyo aliyokuwa akiihubiri siku zote.

Fomu ya kumruhusu Duke kuiuza ardhi hiyo ilikuwa ya Kiingereza. Fred aliipeleka ndani asubuhi, akairudisha saa nane ikiwa na sahihi.

"Ameuliza kama ni ya ubatizo wako," Fred alimwambia Duke.

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia mimi wamenituma tu. Amesema kama ni ya kanisa yako, hawezi kukuzuilia."

Duke aliikunja fomu vizuri na kuitia mfukoni.

Ploti zilinunuliwa kabla Septemba haijaisha. Simiti ilikuwa chini tayari, mabati juu tayari, mvua haikuwepo. Mwalimu Ian alijenga jiko karibu na lilipokuwa kochi. Watu waligombana juu ya mipaka, kama kawaida ya watu wenye mipaka.

Nereah, muuguzi wa zahanati, alitoka kaunti moja ya upande wa ziwa na alikuwa amepanga chumba sokoni. Yeye ndiye aliyepewa flaski zile nne. Alhamisi mbili zilipita bila kumwona Edinah sokoni, kwa hiyo ya tatu alijaza uji kwenye flaski moja, akapanda pikipiki ya Fred na kuingia. Alikuwa ameambiwa ni safari ya saa nyingi. Walifika kwa dakika ishirini, maana kila hatua flaski iliyopiga, nyumba ilijikunja.

"Mama Duke, nimekuletea uji."

"Karibu, dada. Sina mahali pa kukukalisha."

Walikaa kitandani. Walikunywa kwa zamu, kikombe kikiwa kimoja. Kisha Edinah aliinua macho akaona mlango, na nje ya mlango akaona michai yake, iliyokuwa imekua mpaka kifuani kwa kukosa kuchumwa. Alilia. Nereah alimshika bega, hakumwambia anyamaze.

"Nilikuwa nimesahau ni bluu," Edinah alisema.

Wakati huo jiko la Mwalimu Ian lilikuwa limeingia kwenye sebule ya jirani yake. Mwalimu alimpigia Duke simu. Kuja kumwona mamake kulikuwa kumemchukua Duke miaka mitatu. Kuja kuona ploti kulimchukua saa saba. Alikwenda moja kwa moja hadi kitandani na kuichukua flaski.

"Duke, hiyo iache," Edinah alisema. "Mimi si wa kanisa yenu."

"Si kanisa, Mama. Sijawahi kusema ni kanisa."



"Kama si dini, kiti ya babako nilitoa kwa nini?"

Duke aliangalia simu yake, lakini ndani kule mtandao haukufika. Alisema watu wamelipia, kuna mikataba, hawezi kuwarudisha. Akachukua pia mto na blanketi la pili, ili jambo kama lile lisitokee tena, akaenda navyo mlangoni. Edinah alimtazama akipungua. Alipoonekana mdogo kama punje ya wimbi alivuka kizingiti, na nyumba ikajinyoosha. Safari ikawa ya siku tatu. Kukapatikana ploti zaidi.

Siku hizi mikataba yote ina kifungu kinachokataza vyombo vya nyumbani kupita mlango ule kuelekea kitandani. Nereah alipeleka malalamiko kwa ofisi inayohusika, akaambiwa hakuna sheria inayomzuia mtu kuwa na nafasi nyumbani kwake.

Desemba Duke alikuja na mpiga picha. Alisimama kwenye kizingiti, akaweka mikono mdomoni na kuita, "Baba!" Kwa Ekegusii, lugha ya kwao, baba ni mama, na ndivyo alivyomwita alipokuwa mtoto. Neno likaondoka. Duke alingoja dakika kumi, hakusikia kitu. Garini aliandika: "Mamangu ana kitanda kimoja na kikombe kimoja, na sijamsikia akilalamika." Watu elfu kumi na moja walipenda.

Neno lilipita kwa Mwalimu Ian, likapita steji, ambako Fred alilisikia akiwa anakaza mnyororo wa pikipiki. Siku ya tatu, saa kumi jioni, lilimfikia Edinah. Aliweka kikombe chini, akavaa viatu.

"Nakuja, mwanangu," aliitikia. "Ningoje."

Jibu hilo lilifika mlangoni Ijumaa, likakuta umefungwa.