Ubeti Uliokwama Kwenye Cherehani

Fundi alikuwa mshairi wa miguu. Usicheke. Wenzake hutunga wakitazama mwezi. Yeye alitunga akikanyaga pedeli ya cherehani barazani kwake. Kila akikanyaga, silabi moja: nane, pumzi, nane tena. Suruali za watu zilishonwa na mashairi yakapatikana, na wateja walishazoea kumsikia akinong'ona peke yake kama mtu aliyegombana na sindano.

Ndivyo alivyovuka mengi. Mafuriko yalipobeba vitambaa vyake vyote, alishona viraka na kutunga. Binti wa pekee wa Fundi na mkewe alipougua akafariki, aliacha kutunga kwa muda mrefu, hadi siku moja akaona majani yamechipua kwenye ufa wa saruji mbele ya baraza, mabichi kabisa, hayana habari na msiba wa mtu. Yalimuudhi. Halafu yakamtoa machozi, na akaanza shairi la binti yake. Alijua shairi halimrudishi mtu. Lilimpa tu pa kuupeleka uchungu bila kumrushia mwingine, na kwake hilo lilitosha.

Beti tatu zilikamilika. Wa nne ndio wa kufungia, na ulibaki mstari mmoja tu goti lilipomgomea. Wapwa zake, kwa mapenzi mema kabisa, wakamfungia mota ya umeme kwenye cherehani.

"Mjomba, sasa ni kugusa tu kwa kidole cha mguu. Kula raha!"

Mkewe alishangilia kuliko wote.

Mota ikanguruma mfululizo, haina nane wala pumzi. Kazi zikaisha upesi, na kichwa cha Fundi kikawa kitupu. Akajaribu kugonga meza kwa kidole, hola. Akajaribu kutembea, goti likamrudisha kitini. Kibaya zaidi, hakuwa na desturi ya kuandika shairi kabla halijaisha, na sasa beti zile zilianza kumponyoka kichwani. Aliogopa kwamba akizipoteza atakuwa amemzika mtoto mara ya pili. Angemwambia nani? Mkewe hakuwahi kumtaja binti tangu msiba, na Fundi, kimoyomoyo, alimwona mwenye moyo mgumu.

Asubuhi moja mkewe akaja na bisibisi. Akaifungua mota, akarudisha mkanda wa zamani.

"We mwanamke, unafanya nini? Na goti langu je?"

"Goti lako lipumzike. Sogea huko." Akaburuta kigoda, akajibana kando yake, akaweka nyayo zote mbili kwenye pedeli. "Wewe shika kitambaa. Nimechoka kuishi na bubu."

"Utakwenda mbio."

"Miaka yote hii nakusikia kutoka jikoni, mume wangu. Najua mpaka unapopumua."

Akakanyaga. Nane, pumzi, nane. Fundi akakazia macho sindano, na ule ubeti ukaja:

"Kila jani likiota, naona mkono wako,
Upepo unapopita, nasikia cheko lako,
Nyumba bado yakuita, mlango u wazi kwako..."

Hapo akakwama, palepale pa siku zote. Miguu ya mkewe haikusimama. Ilikanyaga kidogo, kisha akasema yeye, bila kuinua uso:

"Na mimi bado nafuta, vumbi la viatu vyako."

Cherehani ikanyamaza.

"Viatu vipi?" Fundi akauliza.

"Vile vyeusi vya shule. Viko sandukuni, chini ya nguo zangu." Akaondoa nyayo kwenye pedeli. "Nilidhani ukiviona utaumia."

Fundi akalia waziwazi, pale barazani, mchana kweupe. Alijionea aibu kwa yote aliyomwazia mama huyu. Mteja aliyefika na suruali yake akaona mambo, akageuka taratibu akaondoka.

"Kavilete," Fundi akasema, akimshika mkono. "Leo nifute mimi."