Beseni la Kitanda cha Pili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ndugu huruhusiwa kuingia kumwosha mgonjwa wao, na Bibi Vénérande hakuwahi kuchelewa. Alitoka Kawajense kwa miguu, beseni la bluu kichwani, akavua kandambili mlangoni mwa chumba cha uangalizi maalumu kama alivyoelekezwa, akaenda moja kwa moja kitanda cha pili. Hapo alilala mwanawe Nestori, mrina asali wa Ugalla, siku ya tatu sasa. Homa ilikuwa imemwingia kwenye damu na presha ilikuwa chini.

Bibi alijaza beseni maji ya uvuguvugu hadi kwenye mstari wa maua, akaliweka sakafuni kando ya kitanda, akainua miguu ya mwanawe aoshe nyayo. Maji yakapanda. Yalivuka maua, yakafika ukingoni, yakamwagika kidogo sakafuni. Aliposhusha miguu, yakarudi kwenye maua.

Akainua tena. Yakapanda tena.

Bibi akafurahi. Nestori alizoea kumwambia kwamba mzinga hauulizwi kwa macho. Unauinua kidogo upande wa nyuma. Ukiwa mzito umekomaa, ukiwa mwepesi unauacha. Miguu hii ilikuwa mizito kweli, na maji yenyewe yanaongezeka. Basi akamwita nesi Monika, akamwambia mwili umekubali, amtundikie chupa nyingine ya dripu.

"Usiwe na wasiwasi, bibi," alisema Monika. "Karatasi inasema chupa sita kwa kila mwenye presha ya kushuka. Kwake bado mbili."

Akatundika ya tano, akachukua tambara akapangusa sakafu.

Kitanda cha tatu alilala Mzee Ngusa, mfugaji, ambaye chupa zake sita ziliisha jana. Ulimi wake ulikuwa mkavu kama ganda la karanga. Mkewe, Sikujua, aliliazima beseni.

"Mayu, mama yangu, nipatie na mimi nimwoshe huyu mbishi wangu. Amekaa na ng'ombe mpaka nyayo zimekuwa kwato."

Alipoinua miguu ya mzee, maji yakashuka. Yalishuka vidole vitatu, vinne, hadi sabuni ikakaa kwenye plastiki kavu. Mzee akafumbua macho, akauliza nani amefunga ndama. Miguu iliposhushwa maji yakarudi, macho yakafumba.

"Ndama wamefungwa, lala," Sikujua alimjibu.

Dokta Gervais alipopita aliambiwa habari ya beseni. Alitaka miguu iinuliwe tena, ya kitanda cha pili kisha ya kitanda cha tatu, yeye ameshika mapigo huku anatazama saa. Akafuta miwani.

"Linasema kweli," alisema. "Kuinua miguu ni kuuonjesha moyo. Damu ya miguuni inaushukia. Moyo wenye kiu unaipokea na kupiga kwa nguvu, uliotosheka unaikataa. Huyu mzee ana kiu. Nestori amejaa, na maji anayopewa sasa yanaingia mapafuni."

Bibi akachanganyikiwa. "Dokta, mzito si ndiye aliyekomaa?"

"Kwa mzinga, ndiyo, bibi."

Bibi akakaa. Chupa ya tano aliiomba yeye kwa mdomo wake. Ingetundikwa hata asingeomba, hilo alilisikia, lakini hakujua aliweke upande gani wa kichwa.

"Sasa si rahisi?" alisema Sikujua. "Mpeni mzee wangu za huyu. Mmoja amejaa, mwingine mkavu, nyie mnashangaa nini?"

Monika aliigeuza chupa ya sita upande wa maandishi. "Imeandikwa jina, mama."

Ilikuwa kweli. Nestori, kwa kalamu nyekundu.

Dokta alisema ataandika barua karatasi ibadilishwe. Karatasi ilitoka juu, na dokta mwingine aliyeiruka mwaka jana alihamishwa, sasa anapima watoto uzito huko mbali. Kwenye karatasi hapakuwa na sehemu ya kuandika beseni, kwa hiyo Dokta Gervais akaandika kwa nyuma.

Chupa ya sita ilitundikwa mchana. Bibi aliruhusiwa kumshika mwanawe mkono. Kidole chake kikaacha shimo kama kwenye unga uliokandwa.

"Mama," alisema Nestori, sauti ikitokota, "hapa kuna mto."

"Upo, mwanangu. Usiuvuke."

Asubuhi ya siku ya nne Bibi alijaza beseni hadi kwenye maua, akainua miguu. Maji hayakupanda wala hayakushuka. Akashusha, akainua, akashusha. Kisha akaiosha ile miguu vizuri, katikati ya vidole, akaifuta.

Katika chupa ya sita maji yalibaki chini ya nusu. Sikujua aliyaomba. Monika alilisoma jina, akayamwaga kwenye sinki, akalia kidogo, akanawa mikono.

Msiba ulipoisha Bibi alirudi na beseni, maana katika beseni lingine lolote maji hukaa tu. Mzee Ngusa hakuwepo tena, na Bibi hakuuliza. Tangu hapo, kila asubuhi, huinua miguu ya watu asiowajua.

"Leo?" huuliza Monika.

"Yamepanda."

Monika huandika nyuma ya karatasi. Kisha huigeuza, akasoma upande wa mbele, akatundika chupa.