Dirisha la Nyumba ya Kasisi

Kila asubuhi nilikuwa napanda ngazi za nyumba ya kasisi, natua mkoba mezani, nasukuma dirisha la magharibi, na dirisha linagoma. Ndipo namgeukia fundi na kusema, "Bado." Naye anajibu, "Bado, afisa," anachukua randa yake, na siku yetu inaanza.

Asubuhi hiyo nilisukuma kwa bega kama kawaida, na dirisha likafunguka fyuu! Nusura nitoke nalo. Fundi alinidaka kwa mkanda wa gauni, akanirudisha ndani. Tukabaki tunatazamana, upepo wa bahari ukimpeperushia maranda kichwani.

"Limefunguka," nilisema, kama mtu anayetangaza msiba.

"Naona," alisema fundi. Hakuonyesha furaha yoyote.

Parokia yetu ni kisiwa kizima, na kisiwa chenyewe ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakupa pole. Kina kanisa, nyumba ya kasisi na kisima cha mawe, na vyote vinalindwa na sheria: ni marufuku kung'oa kitu ambacho bado kinatengenezeka. Ofisi nzima ya majengo ya kale ni mimi na kiti changu. Utaratibu wetu ni kwamba kazi haijakwisha mpaka afisa atamke mbele ya fundi, "Imepita." Nikishatamka, fundi anafunga vifaa na kupanda boti ya kurudi kwao ng'ambo.

Fundi huyu watu walimwita Bwana Randa. Aliletwa kwa ajili ya dirisha hilo moja tu, na lilikuwa limemla msimu mzima, wala sikuwahi kulalamika. Alikuwa na tabia ya kuongea na mbao. "Haya bibi, geuka kidogo. Hivyo hivyo." Mimi pale mezani nilikuwa natamani kuwa ubao. Kila siku nilipanga kumwambia neno, na kila siku neno likifika kooni linageuka kuwa "Bado."

"Labda linafunguka kupita kiasi," nilisema.

Alikubali haraka mno. "Hata mimi nimeliona hilo. Ni hatari."

"Na bawaba hii, haijaenda upande?"

"Imeenda upande kabisa, afisa. Aibu tupu."

Bawaba ilikuwa imenyooka kama rula.

Shangazi yangu, ambaye hufagia kanisa, nyumba ya kasisi na, akipata nafasi, maisha ya watu, alikuwa amesimama mlangoni na ufagio wake.

"Jamani! Dirisha la enzi za mababu limefunguka, na nyie mmekaa matanga?"

"Tunakagua, shangazi."

"Mnakagua nini? Jana nimelipaka sabuni kingo zote. Kipande cha sabuni, mwanangu! Kazi ya msimu mzima imekwisha kabla chai yangu haijapoa."

Nilimtazama Bwana Randa. Seremala gani asiyejua sabuni? Alianza kuifuta randa ambayo ilikuwa safi tayari.

"Nilikuwa nalichonga kwa uangalifu," alisema. "Kila siku kama unene wa unywele. Sheria inataka uangalifu."

"Sheria!" Shangazi alicheka hadi akauegemea ufagio. "Haya, afisa. Tamka."

Sikuwa na pa kutokea. Dirisha lilikuwa zima, na kulisingizia jengo linalolindwa sikuweza.

"Imepita," nilisema, kwa sauti ya mbu.

Bwana Randa alisimama kidogo, kama anayengoja sentensi iendelee. Haikuendelea. Alipanga vifaa vyake kwenye sanduku, kimoja kimoja, akasema, "Haya, afisa. Tutaonana Mungu akipenda," akashuka ngazi.

Shangazi alinikazia macho. "Sasa?"

"Sasa nini?"

"Mficha uchi hazai, mwanangu."

"Shangazi!"

"Usinishangazie mimi. Wewe ndiye msomi, hebu niambie, kazi ya dirisha ni nini?"

"Kuingiza hewa na mwanga, na kuhifadhi sura ya asili ya..."

"Na kumwita mtu anayepita chini! Ng'ombe wewe!"

Nilikimbilia dirishani, nikatoa kichwa, mabega na karibu kila kitu kingine. Bwana Randa alikuwa amefika kisimani, sanduku begani, akitembea kama mtu aliyetandikiwa mayai njiani.

"Bwana Randa!"

Wote waligeuka: wanawake kisimani, katekista juu ya baiskeli yake, hata mbuzi wa katekista. Nyuma yangu shangazi alinishika mkanda wa gauni, sijui ni kwa kunizuia nisianguke au nisirudi ndani.

"Kuna kasoro, afisa?" aliita Bwana Randa, na uso wake ulijaa tumaini kiasi kwamba kicheko kilinipanda, kikanishinda.

"Hakuna!" nilipiga kelele, nikicheka na machozi yakinitoka. "Dirisha halina kasoro hata moja! Mimi nilikuwa nasema bado kwa sababu sitaki uondoke! Nakupenda! Basi, nimesema! Nakupenda, usiende!"