Tunu na Mimi, Mstari Mmoja

Mama Zamda, jirani yangu mwenye steshenari, anadai aliipa kompyuta yake mafaili mawili: moja la watoto wa chekechea, jingine la walezi wao. Akaandika amri iitwayo join, yakatoka yameungana, kila mtoto na mlezi wake, kwa namba. Asiye na mwenzake hakutoka kabisa. Nikamwambia aache uongo, nikaenda kulala.

Usiku huohuo wa jana nikaota nimo ndani ya faili la walezi.

Tuko kwenye foleni, kila mtu na namba kifuani. Mimi nne. Ng'ambo wamejipanga watoto. Tunu wangu, mtoto wa marehemu dada, naye ana nne.

Join anapita katikati. Hana uso, ana sindano ya magunia.

"Moja na moja," anasema, anawashona. "Mbili na mbili. Tatu na tatu."

Nyuma kabisa kuna bibi mwenye tisa, miguu imemvimba.

"Njoo utangulie, bibi," namwambia. Ndivyo nilivyolelewa.

Join anafika, anakuta tisa. "Nne haina mlezi," anasema, anampita Tunu.

"Nipo, nyuma ya bibi."

"Sirudi nyuma mimi. Foleni hupangwa kabla sijaanza. Nani kaivuruga?"

"Mimi. Bibi amechoka."

"Adabu," anasema kwa unyonge. "Kila siku adabu."

Tunu anaanza kufutika, soksi kwanza.

Bibi anajikokota kurudi mwisho. "Kaa pako, mwanangu. Mie nishapumzika."

"Basi anza upya, tafadhali," namwambia Join. Anashusha pumzi, anaanza. Moja na moja. Soksi za Tunu zinarudi.

Anapotufikia naona bora niseme mwenyewe. "Mimi si mama yake. Ni mamdogo tu."

"Nimekuuliza? Mimi natazama namba. Una nne, ana nne. Ni mstari mmoja."

Anatushona. Haiumi hata kidogo.

Zamu ya bibi inafika. Kwa watoto hakuna tisa. Join anampita, na bibi anaketi chini, anajifunika kanga.

Foleni inageuka kuwa jiko langu, uji unafurika, nikaamka.

Kumekucha. Tunu kalala ubavuni mwangu, macho kafumba.

"Mamdogo," akasema, "mwambie Join amtoe na bibi."

Nikamfunika kanga, usingizi ukamchukua tena.