Mafuta Mekundu ya Mama Albertine

Mafuta ya mama Albertine niliyachoma mara nne, mpaka chupa yake kubwa ikakauka. Naandika hilo mbele, kwa sababu nikiliacha nyuma nitaona haya na nitaliruka.

Tulikaa mutaa wa Kamalondo, mu Katanga, lupango moja, kiwanja kimoja cha nyumba mbili zinazoangaliana mulango kwa mulango. Mama Albertine alikuwa mujane kutoka jimbo la Kasai, akiuza maharagi na mafuta ya ngazi, yale mekundu ya michikichi, kwenye meza ndogo mbele ya lupango. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja. Bwana yangu, Liévin, alikuwa karani. Bazungu balimupa karatasi ya kuwa évolué, muntu aliyestaarabika, na karatasi hiyo tuliitia mu fremu juu ya meza ya kulia. Mutoto wetu alikuwa hajafika. Tuliishi na Mado, binti wa marehemu dada yangu, aliyeletwa kutoka Pweto na lori la samaki kavu akiwa na miaka mitatu. Aliniita mama mudogo.

Mimi nilimaliza shule ya msingi, basi. Kisha nikaenda masomo ya bamama, kushona na kupika. Huko nilionyeshwa mafuta ya dukani ndani ya chupa, safi kama maji ya mvua. Hakuna aliyesema kwamba mafuta yetu ni mabaya. Hilo nililiwaza mwenyewe. Niliona mafuta mekundu yanaacha alama kwenye sahani, kwenye vidole, kwenye midomo ya wageni, na nikawaza kwamba nyumba yenye ile fremu haifai kuwa na alama hizo.

Liévin alifurahi. Siku moja aliinua kipande cha samaki mbele ya rafiki zake akasema, "Tazameni. Hata mukono hauchafuki."

Wakati Katanga ilipojitenga na Congo, na maduka yakaanza kuwa matupu, nilijifunza njia yangu ya kugeuza mekundu kuwa meupe. Kuchoma mafuta kidogo, kila mwanamuke wa Kamalondo anajua. Yanatolewa ule ubichi, basi. Mimi nilipita pale. Niliyaacha kwenye mbabula, jiko letu la makaa, mpaka moshi wa buluu unapanda, mpaka wekundu unakuwa manjano, na manjano yenyewe yanaondoka. Jirani balikuwa banakohoa. Mama Albertine alikuja kusimama mulangoni mwangu, kitenge puani.

"Wivine, mwanangu, unapika nini? Gari?"

"Mafuta, mama."

"Mafuta ilikukosea nini?"

Nilicheka. Yeye vilevile alicheka, akarudi kwenye meza yake.

Mwezi wa kenda, mwaka wa sitini na moja, bantu ba Kasai balianza kufukuzwa mu mitaa, kwa kuwa si benyeji ba Katanga. Balikimbilia kambi ya bakimbizi, karibu na basoda ba ONU, maaskari ba Umoja wa Mataifa. Asubuhi moja mama Albertine alitoka na godoro kichwani na chupa moja chini ya kitenge. Damijani, ile chupa kubwa iliyosukiwa kikapu, alinisukumia na muguu.

"Hii siwezi kubeba. Uiweke kwako. Mukule, wewe na mutoto. Unibakizie tu chupa mbili, siku ya kurudi kwetu nisiende mikono mitupu."

"Sawa, mama."

"Na usiichome. Minajua mikono yako."

Alisema hivyo akicheka, na bantu banapita mbio njiani nyuma yake. Vijana fulani balikuwa banasimama ku kona, kuangalia nani anasema na nani. Liévin hakutoka ndani. Mimi sikumusindikiza hata mpaka njiani. Nilishika damijani kwa mikono miwili, na hiyo ikawa sababu yangu.

Wiki tatu sikuigusa. Kisha Liévin alileta mugeni, na kuku akakaangwa mu mafuta meupe ya mama Albertine. Nilijiambia, chupa mbili zitabaki tu. Mara ya pili nilijiambia vilevile.

Kuna kitu niliona, nikanyamaza. Mafuta niliyoyachoma, baada ya siku kumi, yalinuka kama kitambaa kilicholowa na kusahauliwa. Yale mekundu ndani ya damijani, mwezi wa tatu tangu niachiwe, harufu yake ilikuwa bado ile ya siku ya kwanza. Mimi ni muntu wa kuangalia; tangu utoto naona bintu bidogo ambabyo bengine banapita. Niliona. Nikaongeza kitunguu.

Mado alikula pamoja nasi: bukari nyeupe ya unga wa mahindi, muchele ukipatikana, mukate, samaki kavu, na mafuta yangu. Matembele, yale majani ya viazi vitamu, yalikuwa yanajiotea pembeni ya mufereji, yanatambaa mpaka mulango wa mama Albertine uliovunjwa. Niliyang'oa. Nilitaka mbele ya nyumba pawe safi, kama kwa bakarani bakubwa.

Wakati wa mvua, mutoto alianza kuanguka. Si muchana. Muchana alikimbia na kuruka kamba. Magaribi ikifika, aligonga ndoo, alikanyaga sahani, alikataa kwenda choo peke yake.

"Umemuharibisha," Liévin alisema. "Kila kitu mama mudogo, mama mudogo. Anakuwa muzembe."

Magaribi moja nilimutuma kuleta bilauri ya Liévin, moja ya zile sita za harusi. Niliwaona wote wawili, mutoto na bilauri, wanagonga mwimo wa mulango. Nilimupiga kofi. Siku nyingine alimwaga maji, nikamupiga tena. Mara ya tatu nilikuwa na mwiko mukononi, na sikuuweka chini kwanza. Hakupiga kelele. Alinyoosha mikono mbele, anatafuta ukuta.

Hakusema kamwe kwamba haoni. Nafikiri aliwaza kwamba magaribi iko hivyo kwa kila muntu.

Nilikuja kujua kwa sababu ya sahani. Jua lilikuwa limeingia tu, mimi nilikuwa bado naona mistari ya mukeka. Niliweka chakula mbele yake, yeye akatafuta bukari kwenye mukeka, kando. Nikavuta sahani polepole, bila sauti, upande wangu. Mukono wake ulibaki pale pale, unapapasa mahali sahani ilipokuwa. Nikaweka vidole vyangu mbele ya macho yake, karibu sana. Hakupepesa.

Sikula siku ile.

Asubuhi nilimubeba mugongoni mpaka dispansere. Munganga alikuwa Godefroid, mwanaume mwembamba, anayeongea huku anaandika. Alimwangalia Mado macho, akavuta kope, akaniuliza, "Anakulaka nini?"

"Anakula muzuri, munganga. Bukari, muchele, samaki, mukate."

"Majani?"

"Majani hapana."

"Mafuta gani?"

"Nyeupe."

"Duka gani leo iko na mafuta nyeupe? Unionyeshe, na mimi niende."

"Ni ya ngazi. Ninachomaka mpaka rangi inatoka."

Akaweka kalamu chini.

"Mama, ile rangi unafukuzaka na moshi, njo dawa ya macho. Mu mafuta, inazuia mafuta isiharibike. Mu mwili wa muntu, inalinda vile vile, na jicho inaihitaji kupita yote. Mafuta yako inanuka kisha siku ngapi?"

"Kumi."

"Na nyekundu?"

"Miezi tatu. Haina neno."

"Basi ulikuwa unaona," alisema. Hakusema kwa ubaya. Ningependa aseme kwa ubaya.

Nilimuuliza kwa nini mimi na bwana yangu tunaona vizuri. Alisema mukubwa ana akiba ku maini, mutoto anatumia ya leo tu. Nilimuuliza dawa.

"Ilikuwa inatoka Poto, kwa Bazungu, mu chupa. Tangu vita, kabati ni ya mende. Umupe mafuta nyekundu, mubichi, kijiko asubuhi na magaribi. Na matembele kila siku, ukitia mafuta ndani, bila mafuta mwili haishike ile nguvu ya majani. Lakini usilale. Sasa jicho iko na giza tu. Ikianza kukauka itafanya kidonda, na hapo hata ulete pipa nzima, haitarudi."

Nilizunguka soko yote na mutoto mugongoni. Mafuta mekundu hakuna. Treni ya Kasai ilikuwa imekatika, na bamama ba mafuta, wote, balikuwa kambini. Muchuuzi mmoja wa chumvi alinicheka: "Munafukuza bantu, kisha munatafuta mafuta yabo?"

Nyumbani nilimwambia Liévin nitakwenda kambini.

"Kwa Bakasai? Bantu bakuone unaingia kule?"

"Baone."

Alitazama fremu yake. Kisha akafungua kabati, akatoa samaki wakubwa watatu wa Pweto tuliokuwa tunamwekea mukubwa wake wa kazi, akawafunga mu gazeti. Hakuniangalia alipokuwa anafunga kamba.

Kambi ilikuwa vibanda vya mifuko, bati na mbao za masanduku, maelfu kwa maelfu, na matope mpaka kifundo cha muguu. Niliuliza mama wa mafuta wa Kamalondo, nikaonyeshwa. Alikuwa amekaa juu ya lile godoro lake, anachambua maharagi, na batoto babili ba kibanda cha jirani banamwegemea. Alikuwa amekonda. Aliniona, akasogea kunipa nafasi, kama vile tuliachana jana.

"Wivine. Na Mado wangu. Amekuwa murefu." Akapokea samaki, akanusa gazeti. "Damijani yangu iko?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yalikimbia.

"Hakuna tena, mama. Nilichoma."

"Chupa ngapi?"

"Yote."

"Na zile mbili?"

"Na zile mbili."

Akaangalia maharagi yake. Halafu akacheka, akacheka mpaka akashika tumbo, na batoto babili balicheka naye bila kujua.

"Basi mafuta yangu na yenyewe imekuwa évolué. Bazungu baliipa karatasi?"

Nilitamani anitukane. Nilimweleza juu ya macho ya Mado, alivyosema munganga, na soko. Kicheko kiliondoka usoni pake kidogo kidogo. Alimuita mutoto, akamuweka katikati ya magoti, akamugeuza uso kwenye mwanga.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ya kwanza."

"Na alipokuwa anaanguka, anavunja bintu, ulifanya nini? Ulimupiga?"

Mado alikuwa pale, uso wake kati ya mikono ya mama Albertine, ananisikiliza.

"Hapana," nilisema.

Mama Albertine aliniangalia, kisha akainua pembe ya godoro, akatoa chupa yake, ile aliyotoka nayo chini ya kitenge, kizibo chake ni gunzi la mahindi. Ilikuwa imefika chini ya nusu. Akaniomba chupa niliyokuja nayo tupu, akamimina polepole, akiziangalia zote mbili mpaka zikalingana.

"Nusu ni ya hawa," alisema, akielekeza kidevu kwa batoto ba jirani. "Na wao bako na macho. Hii usiipeleke hata karibu na moto."

Nilirudi na chupa kifuani. Matembele yalikuwa yameota tena, nilikuwa sikung'oa mizizi. Nilichuma, nikapika, nikaondoa chungu motoni ndipo nikatia mafuta kidogo. Kijiko asubuhi, kijiko magaribi. Mado alilamba mpaka midomo ikawa myekundu, na alama zikabaki kwenye sahani, kwenye kitambaa cha meza, kwenye shati ya kazi ya Liévin, ambaye aliivaa hivyo hivyo.

Kila magaribi nilivuta sahani. Siku ya tano mukono wake bado ulipapasa mahali patupu. Siku ya nane vilevile. Nilianza kuinua chupa kwenye mwanga ili kuona zimebaki siku ngapi.

Siku ya kumi na mbili nilikuwa nyuma ya nyumba, jua limeshazama, mwanga ule wa mwisho ambao hauna rangi. Mado alikuwa amekaa karibu na mbabula, anangoja. Nilitaka kutoa mwiko, ulikuwa umetundikwa kwenye musumari juu ya kichwa chake. Sikusema kitu, sikukanyaga kwa nguvu. Niliinua mukono tu.

Akajikunja. Mikono miwili juu ya kichwa, mabega yamepanda, macho yamefungwa.

Mukono wangu ulibaki juu. Mwiko sikuuchukua. Baadaye alifungua macho, akaona sijamupiga, akaniuliza kama chakula kimeiva.

Kesho yake nilirudi kambini. Sikubeba chupa. Nilibeba matembele, mafungu mawili, na Mado alitembea mwenyewe. Mama Albertine alikuwa mulangoni pa kibanda. Hakuniamkia kwanza.

"Anaona?"

"Anaona, mama."

"Ulijuaje?"

Mado alikuwa ameshakimbilia batoto ba jirani. Niliweka matembele chini, nikakaa juu ya godoro karibu naye, na hapo nikamwambia: aliona mukono wangu unainuka, akajikunja, kwa sababu nilimupiga.