Bati Lililopakwa Tope

Kijiji chetu cha Bugarama kilikuwa na paa moja tu la bati, nalo lilikuwa langu. Mume wangu Leonidasi aliliezeka mwaka ule tulipohamishiwa kijijini, akachimba na kisima uani, akakisakafia kwa saruji. Mvua ilishuka batini, ikapita kwenye shina la mgomba tulilolipasua kuwa mfereji, ikaingia kisimani. Kiangazi, wenzangu wakila ugali mkavu, mimi nilichuma mchicha na maharage mabichi kwenye bustani niliyoimwagilia kwa maji hayo. Mwanangu Nimpaye alikuwa amevimba miguu na uso kwa utapiamlo. Bustani hiyo ndiyo iliyompa nafuu.

Vita vikaja. Leonidasi akaenda na wanamgambo, sisi tukaachiwa hofu. Vuli ilipoanza, balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Anastazi, alikuja mpaka mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Nimpaye. Bati lako linang'aa mno, ndege ya adui itatuona. Lipake tope na mavi ya ng'ombe."

"Na kisima kinywe mavi?"

"Ondoa mfereji. Bustani itasubiri vita viishe."

Mwenye kulisha ni mwingine, yeye wake ni mdomo tu! Nilikataa katakata, mpaka jirani yangu Josefina alipokuja analia. Wanawe walikuwa wanalala migombani, mvua ikiwanyeshea, kwa kuliogopa bati langu. Mdogo alikuwa anakohoa. Ningemjibu nini? Tulilipaka pamoja.

Vuli yote niliyatazama maji ya kahawia yakimwagika chini bure. Januari kisima kilikuwa kikavu. Chemchemi iko bondeni kabisa, na ndoo niliyoipandisha kichwani ilitosha kupikia tu. Mchicha ulikauka. Ndege haikuja. Nilimkasirikia Mzee Anastazi, nikamkasirikia Josefina, na hata Leonidasi, asiyejua lolote huko aliko.

Siku moja nikimwogesha Nimpaye, vidole vyangu vilizama kwenye mguu wake, na vishimo vikabaki.

Mawingu ya masika yalikuwa yanajikusanya. Nilipanda juu ya paa na jembe kuukuu, nikaanza kukwangua. Mzee Anastazi alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

"Ndege itakuja, wewe mwanamke!"

"Ikija itanikuta hapa hapa!"

Jioni bati lilikuwa linang'aa, nikarudisha mfereji. Josefina alisimama uani kwake akiniangalia. Kisha akakunja mkeka, akambeba mdogo mgongoni, akawaongoza wanawe kuelekea migombani. Mvua ilianza kabla hawajafika.